Bodi ya Maziwa na Meno Yake: Safari ya Sura ya 336

Kuna sheria moja ambayo karibu kila Mkenya hukutana nayo kila asubuhi bila kujua. Si sheria ya trafiki wala ya kodi ya mapato. Ni Sheria ya Sekta ya Maziwa, sura ya 336 ya sheria za Kenya. Ukinunua pakiti dukani, ukijaziwa chupa kwenye mashine ya maziwa pale mtaani, au ukimpokea mchuuzi wa baiskeli mlangoni, sheria hiyo ipo kati yako na yule ng'ombe. Ndiyo iliyozaa Bodi ya Maziwa ya Kenya mwaka 1958.

Kila baada ya miaka michache husikia wakubwa wakisema kwamba Bodi haina meno na iongezewe. Sisi wa magazeti huandika habari hiyo kwa aya sita, tunaweka picha ya ng'ombe wa gredi, kesho yake tunahamia siasa. Lakini swali la msingi hatuliulizi: meno hayo ni ya kumng'ata nani? Ili kulijibu, msomaji wangu, inabidi turudi nyuma kidogo. Vumilia, historia hii haina usingizi.

Tuanze na masetla. Mwanzoni mwa karne ya ishirini walowezi wa Kizungu, Lord Delamere akiwa mbele yao, walileta ng'ombe wa Ulaya kwenye nyanda za juu na wakaanza kuwazalisha. Mwaka 1925 wakaunda chama cha ushirika cha siagi na krimu huko Naivasha, ndicho tulichokuja kukijua wote kwa herufi tatu: KCC. Siagi ilisafirishwa kwenda Uingereza. Shida ni kwamba bei ya London ilikuwa ikiyumba, na ulipofika mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 mambo yakawa mabaya.

Masetla walifanya nini? Walikwenda kwa sheria. Mwaka 1931 ikapitishwa sheria ya tozo ya siagi. Siagi iliyouzwa hapa nchini ilitozwa ada, na pesa hizo zikatumika kumfidia aliyeuza nje kwa hasara. Kwa lugha nyepesi, mnunuzi wa hapa na muuzaji mdogo asiye mwanachama walimsaidia mkubwa kubeba mzigo wake. Hilo ndilo somo la kwanza la historia hii, na nakuomba ulishike: tozo ya maziwa hapa kwetu haikuanza kama njia ya kulinda afya ya mtu yeyote. Ilianza kama njia ya kupanga nani apate na nani alipe.

Na Mwafrika je? Wafugaji walikuwepo karne na karne kabla ya Delamere kuiona Njoro. Wamaasai, Wakalenjin, Waborana na wengine walijua maziwa mabichi, mgando, samli na hata mursik, maziwa ya kibuyu kinachosafishwa kwa mkaa. Lakini katika uchumi wa koloni maziwa yao hayakuhesabiwa kuwa bidhaa. Ng'ombe wao alionekana kama ugonjwa unaotembea, na sheria za karantini ziliwafungia njia ya soko mwaka baada ya mwaka.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1954, na haukufunguliwa kwa huruma. Ilikuwa katikati ya vita vya Mau Mau, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu 1952, na serikali ya mkoloni ilitaka kujenga tabaka la Waafrika wenye kipande cha ardhi na kitu cha kupoteza. Ndipo ukaja Mpango wa Swynnerton: hati za ardhi, kahawa, majani chai, na ng'ombe wa gredi kwa mkulima Mwafrika. Miaka michache tu baadaye maziwa kutoka mashamba madogo ya Mkoa wa Kati yakaanza kutafuta soko.

Sasa angalia tarehe. Mpango ni wa 1954. Sheria ya Maziwa ni ya 1958. Maziwa ya Mwafrika yanapoanza kumiminika, Bodi inazaliwa ya kuamua maziwa yauzwe wapi, na nani, kwa utaratibu gani. Sisemi kwamba Bodi iliundwa kwa hila tu. Ulaya nako bodi za namna hiyo zilikuwepo. Uingereza yenyewe iliunda ya kwake mwaka 1933 na ikadumu hadi 1994. Lakini mtu asiyeona uhusiano wa tarehe hizo mbili amefumba macho kwa makusudi.

Ukiisoma sheria yenyewe utaona kazi za Bodi ni mchanganyiko wa mambo mawili. Upande mmoja iendeleze sekta: iboreshe ubora, itafute masoko, ifanye utafiti, imhakikishie mzalishaji bei ya haki na isiyoyumba. Upande wa pili iidhibiti: itoe leseni, ikague, itoze ada, ishitaki. Kocha na refa ni mtu mmoja. Tena imeelekezwa iache nafasi kubwa iwezekanavyo kwa biashara ya watu binafsi. Kwenye karatasi ni maneno mazuri sana. Kwenye barabara ya vumbi ilikuwa hadithi nyingine.

Kwa maana huko mijini maziwa yalikuwa ya KCC. Sheria na kanuni zilimlinda. Mtu wa Kiambu aliyechukua mtungi wake na kuuza maziwa mabichi Nairobi alikuwa mhalifu, hata kama maziwa yale yalikamuliwa saa mbili zilizopita. Na ndani ya KCC kwenyewe kulikuwa na madaraja. Wakulima wenye mkataba, wengi wao wakubwa, walilipwa bei nzuri ya maziwa ya kunywa. Waliobaki walipewa bei ya chini, ile ya maziwa yanayokwenda kutengenezwa siagi. Ng'ombe wale wale, nyasi zile zile, bei mbili.

Baada ya uhuru iliundwa tume ya kuchunguza sekta hiyo, ikiongozwa na kijana mmoja mchumi aliyeitwa Mwai Kibaki. Ripoti yake ya 1965 ilipendekeza mfumo huo wa mikataba uondolewe ili mkulima mdogo apate nafasi sawa, na baadaye ukafutwa. Mashamba madogo yakashika usukani wa maziwa ya Kenya, na hadi leo hawajauachia. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 80 ya maziwa yetu yanatoka kwa wakulima wadogo.

Lakini angalia kilichobaki. Mfumo wa mikataba ulikufa, ila ulinzi wa KCC mijini haukufa. Serikali huru ilirithi rungu la mkoloni, ikalifuta vumbi na kulitundika ukutani kwake. Bodi ikaendelea kumlinda KCC, na KCC ikageuka mkono wa serikali. Mwaka 1979 Rais Moi alipoanzisha maziwa ya bure mashuleni, yale maziwa ya Nyayo ya pakiti za pembetatu ambayo kaka na dada zetu wanayasimulia kwa mate mdomoni, kazi hiyo ilipewa KCC. Watoto walikunywa, na hilo lilikuwa jema. Ila kampuni inayouza kwa amri na kulipwa kwa kuchelewa, huku wanasiasa wakiigeuza shamba lao, haiwezi kusimama milele. Wakulima wakaanza kukaa miezi bila malipo.

Mwaka 1992 soko likafunguliwa. Bei zikaachwa huru, ulinzi wa KCC ukaondoka, na kampuni binafsi zikaingia. Brookside, kampuni ya familia ya Kenyatta, ilianza mwaka 1993 na ikakua mpaka Danone ya Ufaransa ikanunua asilimia 40 ya hisa zake mwaka 2014. KCC yenyewe ilianguka, ikauzwa kwa watu binafsi mwaka 2000, na mwaka 2003 serikali mpya ya Kibaki, yule yule wa tume ya 1965, ikairudisha mikononi mwa umma ikiitwa New KCC.

Hapo kati ndipo alipochomoza mtu ambaye vitabu havimtaji: mchuuzi. KCC iliposhindwa kulipa, mchuuzi alilipa pesa taslimu, asubuhi hiyo hiyo. Alifunga madumu yake kwenye baiskeli, kisha kwenye pikipiki, akaingia Kangemi, Kawangware, Mathare na Eastleigh. Hakuhitaji mashine wala pakiti. Alimuuzia mama kikombe cha shilingi chache, kiasi ambacho hakuna kampuni ingekifunga. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yaliyouzwa nchini yalikuwa yanapita nje ya viwanda.

Kwa sheria ya 1958, huyu bado alikuwa mhalifu. Askari walimkimbiza, wakamwaga maziwa yake kwenye mtaro, au wakachukua chai, na sote tunajua ni chai gani. Kampuni kubwa nazo zilipiga kelele kwamba maziwa mabichi ni sumu.

Sasa ndipo kinapokuja kipande ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii. Kati ya 1997 na 2005 ulikuwepo mradi wa utafiti wa wafugaji wadogo wa maziwa, ulioendeshwa na wizara, KARI na taasisi ya ILRI iliyopo Nairobi. Watafiti walifanya jambo ambalo ni nadra: walikwenda kupima. Waligundua kwamba maziwa mabichi yalikuwa na bakteria wengi, naam, lakini karibu kila nyumba ilikuwa ikichemsha maziwa kabla ya kuyanywa, na uchemshaji unamaliza sehemu kubwa ya hatari hiyo. Waligundua pia kwamba maziwa ya viwandani nayo hayakufikia viwango nyakati zote. Na waligundua kwamba mchuuzi aliyefundishwa usafi na kupewa chombo cha chuma au alumini badala ya dumu la plastiki lililokuwa la mafuta, maziwa yake yanakuwa bora.

Kuanzia 2004 hivi, Bodi ikabadilika. Badala ya kumkimbiza mchuuzi, ikakubali kumfundisha, kumpa cheti na kumsajili. Watafiti walikadiria kwamba mabadiliko hayo yaliipa nchi faida ya mamilioni ya dola kila mwaka, kwa sababu gharama kati ya mkulima na mnywaji zilishuka. Angalia vizuri: hakuna kifungu kipya cha adhabu kilichoongezwa. Meno hayakuongezwa hata moja. Bodi ilifungua tu mdomo ikaongea na watu.

Ungedhani somo limeeleweka. La hasha.

Katiba ya 2010 ilikuja na kaunti 47 na kazi nyingi za ufugaji zikashushwa huko. Mwaka 2013 bodi nyingi za mazao, kahawa, chai, sukari na nyinginezo, zikaunganishwa chini ya mamlaka moja. Bodi ya Maziwa ikabaki na sheria yake ya 1958. Ilikuwa kama mzee aliyebaki kijijini wenzake wote wamehamia mjini. Na hapo ndipo hoja ya kuongezewa nguvu ilipopata moto: sheria ni kuukuu, faini ni za zamani, Bodi haiwezi kufuata mambo ya leo.

Ukweli usemwe, hoja hiyo ina uzito. Sumukuvu kutoka kwenye chakula cha mifugo huingia kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Kuna wafanyabiashara wanaotia dawa ili maziwa yasigande mapema. Kuna wanaoongeza maji. Mama wa Mathare ana haki ya maziwa salama sawa na mwenye nyumba Karen, na kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki hiyo kama mlaji. Nani amlinde kama si Bodi yenye wakaguzi na maabara? Mtu anayesema Bodi ivunjwe tu hajawahi kuuguza mtoto.

Lakini tazama njia iliyochukuliwa. Mtu akitaka kuongeza madaraka ya chombo cha umma, njia ya wazi ni kwenda Bungeni na mswada, ukasomwa mara tatu, ukajadiliwa. Njia ya pili ni kanuni. Sheria mama inampa waziri uwezo wa kutunga kanuni, na kanuni hizo zikichapishwa katika Gazeti Rasmi zinakuwa na nguvu ya sheria. Ni njia fupi, na mara nyingi mwananchi hana habari.

Machi 2019 mwananchi alipata habari. Rasimu ya kanuni mpya za maziwa ilisambaa kwenye simu, watu wakasoma kwamba hata kumuuzia jirani maziwa mabichi bila leseni kungeweza kukuletea faini kubwa au kifungo. Nchi ilichemka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Wakulima wa Nyandarua, Meru, Murang'a na Bonde la Ufa waliuliza swali moja: sheria hii ni ya kutulinda sisi au ya kuwasukumia wenye viwanda maziwa yetu kwa bei yao? Bodi ikajitetea kwamba imeeleweka vibaya. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mwangi Kiunjuri, alikuwa katika moto, na rasimu ikarudi jikoni.

Ilirudi mezani mwaka 2021, safari hii ikiwa imegawanywa katika kanuni kadhaa: za usajili na leseni, za uagizaji na uuzaji wa nje, za bei, za takwimu na ripoti, miongoni mwa nyingine. Zilichapishwa. Kelele zilikuwa ndogo zaidi, nchi ilikuwa imechoka na korona. Hivyo ndivyo Bodi ilivyoongezewa meno: sheria ya 1958 ikiwa pale pale, kanuni za 2021 zikiwa juu yake.

Na meno yanafanya kazi. Machi 2023 Bodi ilisimamisha uagizaji wa maziwa ya unga kwa barua, ikisema inamlinda mkulima wa hapa. Barua moja tu, na wafanyabiashara wa nchi kadhaa wakashika vichwa. Mkulima wa Kenya alifurahi, nami sina kinyongo na furaha yake. Lakini chombo chenye uwezo wa kufunga mpaka kwa barua si chombo kisicho na meno. Tuache kuimba wimbo huo.

Tuchungulie majirani kidogo. Uganda iliunda mamlaka yake ya maziwa kwa sheria ya 1998. Tanzania ilitunga sheria yake ya maziwa mwaka 2004, ikaunda bodi yenye kazi zote mbili, kuendeleza na kudhibiti, na kwa miaka wenye viwanda huko walilalamika kwamba wanakaguliwa na kutozwa na ofisi nyingi mno. Mwaka 2019 Watanzania waliondoa usimamizi wa chakula kwa mamlaka ya chakula na dawa na kuupeleka kwa shirika la viwango, sehemu ya kupunguza msongamano huo. Marekani nako, kwa sheria ya 1983, wakulima hukatwa tozo ndogo kwa kila uzito fulani wa maziwa kwa ajili ya bodi ya kuhamasisha unywaji. Ila bodi hiyo kazi yake ni matangazo na utafiti. Haimkagui mtu. Ukaguzi ni wa wengine. Kocha ni kocha, refa ni refa.

Sisi tumeweka wote katika koti moja, na koti lenyewe limeshonwa 1958. Mbaya zaidi, Bodi inategemea ada na tozo za wale wale inaowakagua. Kampuni kubwa inalipa nyingi na inakusanyiwa kwa urahisi. Mchuuzi analipa kidogo na kumfuata kunachosha. Sihitaji kumtuhumu mtu yeyote kwa ufisadi ili nione chombo cha namna hiyo kitaegemea wapi.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nasimama hivi. Bodi ipewe nguvu ya kupima maziwa, yote, ya pakiti na ya dumu, na itangaze majibu hadharani kwa majina. Ipewe nguvu ya kudai malipo ya mkulima yafike kwa wakati, maana katika historia yote hii aliyeumia zaidi ni yule aliyepeleka maziwa na kusubiri miezi. Lakini nguvu ya kuamua nani aruhusiwe kuuza na nani asiruhusiwe, hiyo iende Bungeni kwa mswada, watu waongee.

Tena muda upo. Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia kanuni inasema kanuni hufa zenyewe baada ya miaka kumi. Za 2021 zitafika kikomo 2031. Kabla ya hapo kuna mtu ataketi ofisini kuandika nyingine. Aliyeandika tozo ya siagi mwaka 1931 hakumuuliza mtu aliyekuwa na ng'ombe watatu. Miaka mia moja baadaye, huyo wa ng'ombe watatu ndiye mwenye sekta. Aulizwe, na wewe unayenunua kikombe chake uwe umekwisha kujua la kusema.